Jina la Mabaki: Uhakiki wa Kigezo cha Kutajia Kumbukumbu za Programu Zilizokufa

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia tenzi, riwaya na tamthilia. Matini tunayokusudia kuihakiki katika makala haya ni ya namna nyingine kabisa. Urefu wake hauruhusiwi kuzidi baiti 128, haina mwandishi mmoja, na hukaa ndani ya faili moja ya mfumo ambayo watumiaji wengi wa tarakilishi hawajapata kuifungua. Hata hivyo ni matini. Ina msamiati na sarufi yake, ina msomaji anayeitii neno kwa neno, na ikiandikwa vibaya hupoteza ushahidi usioweza kupatikana tena. Tunazungumzia kigezo kinachouambia mfumo wa Linux, na jamaa zake wa ukoo wa Unix, ni jina gani lipewe faili inayobaki pindi programu inapokufa ghafla, na faili hiyo iwekwe wapi.

Hapana budi kwanza tueleze kinachotendeka. Programu inayoendeshwa hupewa sehemu yake ya kumbukumbu. Ikijaribu kugusa sehemu isiyo yake, mfumo huipelekea ishara nambari 11. Ikigundua yenyewe kuwa imeharibikiwa na kuamua kujikatiza, ishara huwa nambari 6. Katika hali zote mbili programu hufa. Lakini kabla ya kuizika, mfumo waweza kunakili katika diski yote yaliyokuwamo kumbukumbuni wakati huo: thamani za vigeu, mfuatano wa kazi zilizokuwa zikiitana, na mahali hasa ilipokuwa imefika. Fundi akiisoma nakala hiyo kwa programu ya uchunguzi, aweza kuuona mstari ule ule iliojikwaa. Nakala hii ndiyo inayoitwa katika mazoea ya Unix *core*, na ndiyo tutakayoiita hapa mabaki ya kumbukumbu, au mabaki tu. Sababu ya kuchagua neno hilo tutaieleza, kwani ndimo lilimo suala la kwanza la uhakiki wetu.

Neno *core* limo katika kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, kilichotolewa na Bell Labs mnamo Novemba 1971. Wakati huo halikuwa sitiari. Kumbukumbu za mashine za miaka ya 1950 na 1960 zilifumwa kwa vipete vidogo vya sumaku vilivyopitishiwa nyaya, kila kipete kikihifadhi tarakimu moja ya sifuri au moja. Jay Forrester na wenzake walizitia katika mashine ya Whirlwind huko MIT mwaka 1953. Kipete hicho kwa Kiingereza kiliitwa *core*, na kwa kuwa kumbukumbu yote ilikuwa ya vipete, neno likawa jina la kumbukumbu yenyewe. Katika miaka ya 1970 vipete viliondolewa na vipande vya silikoni, lakini jina likabaki. Leo hakuna tarakilishi ya kawaida yenye kipete hata kimoja, na bado ikifa programu, faili huitwa kwa jina la kipete.

Mfasiri wa Kiswahili asiyeijua historia hii hulifungua kamusi, akaona kwamba neno hilo la Kiingereza ni *kiini*, akaandika kiini. Hapo amekosa mara mbili. Kwanza, faili hii si kiini cha kitu chochote. Pili, neno kiini tayari limekwisha kutwaliwa, na kwa haki, kutaja ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayotawala kumbukumbu na michakato yote, ambayo kwa Kiingereza imepewa jina la kokwa. Matokeo yake ni sentensi kama hii: mchakato ukifa, kiini huandika kiini. Mwanafunzi atakayepewa sentensi hiyo atadhani mfumo unajizaa wenyewe. Wapo waliopendekeza tufasiri kitendo badala ya kitu, wakaunda *tupio* kutokana na kutupa. Hili nalo lina ila, kwa kuwa hutupi kitu ila kwa kukidharau, na jambo linalohitajika zaidi kwa fundi ni kwamba faili hii isidharauliwe. *Wosia* ni zuri masikioni, lakini wosia hutolewa na mtu anayejua kuwa anakufa. Programu haikujua. *Mabaki* halidai zaidi ya ukweli: mwenye nayo ameondoka, hivi ndivyo alivyoviacha. Tunakiri kwamba lina harufu ya sahani ya jana, na mwenye neno bora na alilete.

Tumeanza na istilahi kwa sababu kosa la mfasiri na kosa la wabunifu wa Unix ni kosa moja. Kila mmoja alitoa jina lisilosema ni kitu gani kinachotajwa. Kwa miaka mingi faili iliitwa *core* bila nyongeza yoyote, na iliwekwa katika saraka yoyote ile ambamo programu ilikuwa ikifanyia kazi. Ikifa programu nyingine mahali hapo, au ile ile ikifa tena, mabaki mapya yaliandikwa juu ya yale ya zamani. Jina moja kwa maiti wote wa nyumba moja, na kila anayekufa humfuta aliyemtangulia! Mkikuyu humpa mwanawe wa kwanza jina la babu, na majina hurudi kizazi baada ya kizazi, ila babu hafutwi kwa kuzaliwa mjukuu. Hapa hufutwa.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la nadharia tu. Miaka kadhaa iliyopita, katika idara moja ambayo hatutaitaja, tuliachia programu usiku kucha ihesabu upatanisho wa ngeli katika matini nyingi za magazeti. Ilikufa mara tatu kati ya magharibi na alfajiri, na kila ilipokufa iliwashwa upya na programu nyingine iliyokuwa mlinzi wake. Asubuhi tulikuta faili moja tu, *core*. Tuliichunguza, tukaona imekufa kwa kusoma faharasa iliyoandikwa nusu. Tukaifuta faharasa, tukaanza upya, ikafa tena. Wiki mbili zilipita kabla ya kutambua kwamba faharasa iliachwa nusu na kifo cha kwanza, na kwamba kifo cha kwanza kilisababishwa na faili moja ya gazeti iliyokuwa imehifadhiwa kwa mfumo mwingine wa herufi. Mabaki yaliyotufaa yalikuwa yamefutwa saa chache tu baada ya kuandikwa. Yaliyobaki yalisema kweli, lakini kweli ya kifo cha tatu.

Waandishi wa mifumo ya ukoo wa BSD walikuwa wameona tatizo hili mapema, wakalitanguliza jina la programu: katika 4.4BSD mabaki yaliitwa kwa jina la programu likifuatwa na *.core*. FreeBSD hadi leo huanza na kigezo *%N.core*, ambapo *%N* ni nafasi itakayojazwa jina la mchakato. Ni hatua mbele, ila hatua ya nusu. Programu yetu ya ngeli ingalijifuta vile vile, kwani iliyokufa mara tatu ilikuwa ni ile ile. Isitoshe, jina linalofanana daima huwaalika wafagiaji. FreeBSD yenyewe ina kazi ya kila siku ya kusafisha diski, isiyowashwa mpaka msimamizi aitake, ambayo orodha yake ya vitu vya kufuta inajumuisha kila faili inayoishia kwa *.core* iliyokaa siku kadhaa bila kuguswa. Mfagiaji huyu hasomi kilichomo. Humjua maiti kwa jina la ukoo tu, na mtu aliyeita tasnifu yake kwa jina hilo hana pa kushtakia.

Sarufi kamili ilikuja katika Linux mwaka 2003, kigezo kilipoanza kukubali alama kadhaa katika faili iitwayo *core_pattern*, iliyoko katika saraka ya */proc/sys/kernel*. Alama ya asilimia hufanya kazi kama kiambishi kinachotangaza kuwa herufi inayofuata si herufi bali ni nafasi. *%e* ni jina la programu, *%p* nambari ya mchakato, *%u* nambari ya mtumiaji aliyeuendesha, *%s* ishara iliyouua, *%h* jina la mashine, *%t* wakati. Basi msimamizi akiandika */var/mabaki/%h.%e.%p.%s.%t*, kila kifo kitapata faili yake, katika saraka moja inayojulikana, yenye jina linalojieleza.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakuwa mgeni wa utaratibu huu. Mluo aitwaye Otieno amezaliwa usiku na Okoth amezaliwa mvuani. Mkamba hutumia Mutuku na Wambua kwa maana hizo hizo. Na pwani tuna akina Juma na Khamisi waliopewa siku zao. Hayo ni majina yanayobeba mazingira. Tofauti ni kwamba mila zetu humtaja anayekuja, ilhali kigezo hiki humtaja anayekwenda, na kwa hiyo muundo wake unakaribia zaidi ule wa matangazo ya vifo tuliyozoea kuyasikia redioni: fulani, wa mahali fulani, amefariki, wakati fulani, kwa sababu fulani. Tukikipima kwa kipimo hicho, *%s* ndiyo alama muhimu kuliko zote, nayo ndiyo inayosahauliwa mara nyingi zaidi. Fundi akiona 6 mahali pa 11 amekwisha kujua, kabla ya kufungua chochote, kwamba programu ilijikatiza yenyewe badala ya kupotea njia.

Tukigeukia fani, ila hazikosi. Jina la programu linalotolewa na *%e* hukatwa baada ya baiti 15. Kwa Kiingereza chenye maneno mafupi ila hii haionekani sana. Kwa lugha inayounganisha viambishi na mashina kama yetu, huonekana mara moja. Tuseme idara ina programu mbili, *kitafutavitenzivikuu* na *kitafutavitenzivishirikishi*. Msomaji na ahesabu: zote mbili zitakatwa na kubaki *kitafutavitenzi*, herufi 15 kamili, na mabaki ya moja yatadhaniwa kuwa ya nyingine. Tena jina hilo laweza kubadilishwa na programu yenyewe inapoendelea, hata likawa ni jina la uzi mmoja wa kazi wala si la programu nzima. Kasoro hii ilikuja kurekebishwa kwa alama *%f*, inayotoa jina la faili ya programu yenyewe, lakini vielelezo vingi vinavyonakiliwa huku na huku bado hutumia *%e*.

Wakati nao hutolewa kwa sekunde zilizopita tangu usiku wa manane wa Januari 1, 1970, kwa saa za Greenwich. Faili inayoishia kwa 1700000000 imetajwa kwa usahihi usio na shaka, na hakuna mwanadamu aipataye maana yake kwa kuitazama. Ni Novemba 14, 2023, saa nne na dakika 13 usiku huko Greenwich. Nairobi ni saa saba na dakika 13, usiku wa kuamkia tarehe 15. Tunaitetea alama hii hata hivyo. Nambari hii haitegemei majira ya mahali, na faili zikipangwa kwa nambari hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa vifo. Nambari ya mchakato peke yake haitoshi kwa kazi hiyo, maana mfumo huzirudia nambari zake zikiisha.

Kuhusu lahaja hatutasema mengi. Nambari ya mchakato ni *%p* katika Linux na *%P* katika FreeBSD; jina la programu ni *%e* huku, *%N* kule, na *%f* katika Solaris. Anayehamisha kigezo kutoka mfumo mmoja hadi mwingine bila kukisoma upya atapata alichokitafuta.

Mahali pa kuweka mabaki ni jambo zito kuliko jina, ingawa katika kigezo vyote viwili ni mfuatano mmoja wa herufi. Kigezo kikikosa njia kamili, faili huangukia katika saraka ambamo mchakato ulikuwamo. Kikitaja saraka isiyokuwapo, mfumo hauiumbi: mabaki hayaandikwi, basi. Kikitaja saraka ambayo mtumiaji wa mchakato hana ruhusa ya kuiandikia, hali ni hiyo hiyo. Na juu ya yote yapo mamlaka mengine, kipimo cha ukubwa wa mabaki ambacho kila mchakato hurithi, na ambacho katika mifumo mingi huanzia sifuri. Msimamizi aweza kuandika kigezo fasaha kabisa kisha asipate faili hata moja kwa mwaka mzima, kwa kuwa hakuna aliyepewa ruhusa ya kuacha mabaki.

Kwa nini tahadhari yote hiyo? Kwa sababu mabaki yana kila kitu kilichokuwamo kumbukumbuni, pamoja na maneno ya siri na barua za watu. Na kwa sababu ya jambo lililodhihirika Julai 2006, ambalo kwa mhakiki yeyote wa usomaji lina uzito wake. Katika matoleo kadhaa ya Linux ya wakati huo, mchakato wa mtumiaji wa kawaida uliweza kujitangaza kuwa mabaki yake yamilikiwe na msimamizi mkuu. Mtu mwenye hila aliandika programu iliyobeba kumbukumbuni mstari mmoja wa maagizo, akaihamishia katika saraka ya */etc/cron.d*, ambamo huwekwa ratiba za kazi za mfumo, kisha akaiua. Mfumo ukaandika mabaki humo kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, mahali ambapo mtumiaji huyo hakuwa na ruhusa ya kuandika hata herufi. Programu ya cron, msomaji mwaminifu wa saraka hiyo, ikaifungua faili, ikayapita yale yasiyosomeka, ikafika kwenye mstari ule mmoja uliosomeka, ikautii. Maiti akatoa amri, nayo ikatekelezwa. Kosa lilirekebishwa upesi, na baadaye ikawekwa kanuni kwamba mabaki ya namna hiyo hayaandikwi isipokuwa kigezo kimetaja njia kamili au kimeyakabidhi kwa programu nyingine.

Kukabidhi huku ndiko kunakotawala leo. Tangu mwishoni mwa 2006, kigezo cha Linux kikianza na mstari wima, kinachofuata si jina la faili tena bali ni programu itakayopokea mabaki yakimiminwa. Mifumo mingi sasa huyapeleka kwa systemd-coredump, ambayo huyabana na kuyaweka katika */var/lib/systemd/coredump*, kwa jina lenye programu, mtumiaji, kitambulisho cha kuwashwa kwa mashine, mchakato na wakati. Huandika habari ya kifo katika daftari la mfumo, na hufuta ya zamani ili diski isijae. Kwa upande wa maudhui hili ndilo jina kamili kuliko yote tuliyoyataja. Lakini twaona limepatikana kwa gharama. Mtumiaji aliyezoea kukuta mabaki miguuni pake, katika saraka aliyokuwamo, sasa hana habari yalikokwenda, na lazima ajue amri ya kuyaulizia. Anayeandika kigezo chake mwenyewe hukuta kimebadilishwa baada ya mashine kuwashwa upya, kwa kuwa kile cha systemd kimewekwa katika maagizo ya kuwashia. Lazima aandike chake katika */etc/sysctl.d*, kwa jina la faili linalokifunika kile. Na walio ndani ya kontena hawana sauti kabisa, kwani kigezo ni kimoja kwa mashine nzima: mwenyeji ndiye aamuaye jinsi mgeni atakavyozikwa.

Kwa maoni yetu, suluhisho la haki zaidi lilikuwa la Solaris, na ni ajabu kwamba halikuigwa. Amri yake ya *coreadm* iliruhusu vigezo viwili kwa pamoja, kimoja cha mchakato na kimoja cha mfumo mzima, hata kifo kimoja kikaacha nakala mbili: moja kwa mwenye programu, na nyingine mahali pa msimamizi, isiyosomwa na mwingine. Atakayesema kwamba huko ni kupoteza nafasi ya diski hajakosea. Ila mvutano kati ya mwenye programu na mwenye mashine ni wa kweli, na kigezo kimoja hakiwezi kuufuta. Kinaweza tu kumpa mmoja wao kila kitu.

Yupo atakayetuuliza idara ya lugha imeingiliaje shughuli ya mafundi. Tungemjibu kwa kumwonyesha mashine yetu. Kigezo chake sasa huanza kwa */var/mabaki/*, saraka tuliyoiumba kwa mkono kabla ya kuitaja, nacho kimetumia *%f* mahali pa *%e*, ili majina marefu ya Kiswahili yasikatwe. Mwezi uliopita programu ya ngeli ilikufa mara mbili usiku mmoja. Asubuhi tulikuta faili mbili, moja ikiwa na 11 katika jina lake na nyingine 6, na tulianza na ile iliyotangulia.